Domeini za kuwekeza: .com ya Kiingereza, .com ya Kiswahili, .ug au viishio vipya?

Shilingi 500,000 ukiwa Kampala, dola ikiwa karibu shilingi 3,600, ni takriban dola 140. Kwa fedha hizo, ukitaka kusajili domeini (majina ya anwani za tovuti) ili uziuze baadaye kwa faida, unaweza kupata .com mpya zipatazo kumi, au .co.ug chache, au kukaribia .ai moja tu kwa miaka miwili. Kiasi ni kilekile, lakini kila njia ni biashara ya peke yake, yenye wanunuzi wake, hatari zake na subira yake. Ndiyo maana ukiuliza watu watatu ununue domeini gani, utapata majibu matatu yanayopingana, na kila mmoja atakuwa amesema kweli kuhusu biashara anayoijua.

Makala haya ni ya mtu mwenye mtaji mdogo aliyekwama kati ya njia hizo. Habari zinazovuma hazimsaidii. Ni kweli voice.com iliuzwa kwa dola milioni 30 mwaka 2019, na chat.com kwa dola milioni 15.5 mwaka 2023. Lakini hayo ni maneno mafupi ya Kiingereza yaliyochukuliwa zamani, na walioyauza hawakuyaokota bure. Leo .com zilizosajiliwa zimepita milioni 150. Jina unalolikuta wazi usiku huu limepitiwa na watu wengi waliokutangulia wakaliacha, kwa hiyo jiulize kwanza kwa nini bado liko wazi.

Jambo la pili hupuuzwa zaidi. Domeini si kama kiwanja cha Wakiso, ambacho ukishapata hati kinaweza kukaa miaka kumi huku kikikusubiri. Unapata haki ya kutumia jina kwa muda uliolipia, mwaka mmoja hadi kumi, na usipolipa tena linarudi sokoni. Wazoefu wa biashara hii hukadiria kwamba kati ya majina 100 unayoyashika, moja au mawili ndiyo huuzika kwa mwaka. Sasa piga hesabu. Majina 50 ya .com, kwa dola 15 kila moja, ni dola 750 kila mwaka, yaani shilingi milioni 2.7. Ukiuza asilimia 2, umeuza jina moja kwa mwaka. Ukiuza asilimia 1, ni jina moja kwa miaka miwili. Jina hilo moja lazima likuletee zaidi ya dola 750, au 1,500, baada ya kutoa kamisheni, ndipo uanze kuona faida. Mtu anayenunua majina mengi ya bei ndogo akitarajia kuuza kila moja kwa dola 100 hawezi kupona katika hesabu hii, hata awe na bahati kiasi gani.

Vipimo vya kutumia kwa kila njia

Kipimo cha kwanza ni mnunuzi. Chukua karatasi uandike aina ya biashara ambazo jina hilo lingezifaa leo, zenye fedha za kulilipia. Ukishindwa kufikisha kumi, jina hilo ni zuri masikioni mwako tu. Njia rahisi ya kuhakiki ni kuangalia kama neno hilohilo limeshasajiliwa na linatumika kwenye viishio vingine: .co.ke, .co.tz, .co.ug, .net, .africa. Kampuni tano zinapotumia neno moja kwenye viishio vitano, mahitaji yapo. Kama hakuna anayelitumia popote, huenda halihitajiki.

Cha pili ni gharama ya kushika jina. Usiangalie bei ya mwaka wa kwanza. Angalia bei ya mwaka wa pili na kuendelea, kisha izidishe mara tano.

Cha tatu ni usalama wa kisheria, na hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu ndipo fedha za wanaoanza zinapopotelea. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa uitwao UDRP unaosimamia .com na viishio vingine vya jumla. Mwenye alama ya biashara akilalamika, lazima athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, aliyelisajili hana haki wala maslahi halali nalo, na lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Akishinda, jina linahamishiwa kwake na wewe hulipwi chochote. Ada ya kesi ya aina hiyo katika WIPO, shirika la kimataifa la haki miliki lililoko Geneva, mbele ya mwamuzi mmoja, ni dola 1,500. Kwa kampuni kubwa hicho ni kiasi kidogo kuliko bei utakayotaka kumtajia. Hapa nyumbani kuna Sheria ya Alama za Biashara ya 2010, na usajili uko URSB, ofisi ya serikali inayosajili biashara na alama zake. Kabla ya kununua jina lolote, litafute URSB na kwenye hazina ya alama za biashara ya WIPO, ambayo haitozi kitu.

Mfano ulio karibu: tangu Septemba 2023, Uganda, Kenya na Tanzania zilipopewa uenyeji wa AFCON 2027, wengi wanapata wazo la kukamata majina yenye neno hilo. Usiyaguse. Jina la mashindano ni mali ya shirikisho la mpira la Afrika, na hata lisipodaiwa, thamani yake inakwisha mashindano yakiisha. Vivyo hivyo majina ya benki, kampuni za simu na wanasiasa.

Cha nne ni njia ya kuuza na kupokea fedha. Jina lisilo na soko linaloonekana litakulazimu kubisha hodi mwenyewe.

Kuhusu jina lenyewe sitakaa sana, maana sifa zake ni zilezile kwa njia zote: liwe fupi, mtu aliyelisikia redioni aweze kuliandika bila kuuliza, lisiwe na kistari wala tarakimu, na lisichanganye lugha mbili bila sababu.

.com za Kiingereza

Mnunuzi: yuko dunia nzima, na hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini washindani wako nao wako dunia nzima. Kila siku wapo watu wenye programu na mitaji wanaochuja majina yote yaliyoachwa, neno kwa neno. Kuwashinda kwenye maneno ya kawaida ya biashara, bima au teknolojia ukiwa na dola 140 ni vigumu mno. Nafasi ya Mganda iko kwenye fani anazozijua kwa undani kuliko wao: utalii wa sokwe wa Bwindi na Mgahinga, kahawa ya Bugisu, vanila, mafuta ya moyao (shea) ya kaskazini. Kampuni ya utalii ya Kampala au Entebbe ni mnunuzi mzuri kuliko duka la Kikuubo, hata kama duka lina fedha zaidi. Wateja wa kampuni hiyo wako Ujerumani na Marekani, hupekua tovuti kabla ya kutuma malipo ya awali, na hulipa kwa dola. Kwao jina la .com linaloeleweka lina kazi ya kweli. Mwenye duka anauza kwa uso na simu.

Gharama: inatabirika kuliko kwingine kote. Verisign, wanaosimamia .com, walipandisha ada wanayowatoza wasajili (kampuni zinazokuuzia jina) hadi dola 10.26 kwa mwaka Septemba 2024, na mkataba wao unawaruhusu kupandisha kwa asilimia 7 tu kwa mwaka, katika miaka minne ya kila sita. Msajili anaongeza faida yake juu ya hapo. Unaweza kukaa chini leo ukajua utalipa takriban kiasi gani miaka mitano ijayo.

Sheria: maneno mengi ya Kiingereza yameshasajiliwa kama alama Marekani na Ulaya. Maneno mawili ya kueleza bidhaa, kama aina ya zao na kazi yake, ni salama kuliko neno la kubuni linalofanana na la kampuni fulani.

Kuuza: masoko ni mengi. Afternic na Sedo hutangaza jina lako kwa wasajili wengi na huchukua kamisheni kati ya asilimia 10 na 25 kutegemea mpangilio uliouchagua. Kumbukumbu za mauzo ya zamani zinapatikana NameBio, na kuzisoma kwa wiki kadhaa kabla ya kununua ni elimu bora kuliko kozi yoyote ya kulipia. Mauzo makubwa hupita kwa mtu wa kati anayeshika fedha hadi jina lihame, kama Escrow.com. Hakikisha mapema kwamba soko unalochagua linalipa kwenye akaunti ya benki iliyoko Uganda. Akaunti ya dola ni bora.

Linamfaa anayeijua fani moja kwa undani na anayeweza kusubiri miaka mitatu au zaidi bila kukopa ili kulipia.

.com za Kiswahili

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko naona ujuzi wa msomaji wa makala haya una thamani ambayo mwenye programu wa California hana.

Mnunuzi: eneo lake ni kubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane sasa, baada ya Kongo kuingia 2022 na Somalia 2024, na Kiswahili kinasikika sokoni Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura, Goma na Lubumbashi. Kampuni za teknolojia za ukanda huu zimezoea kujiita kwa Kiswahili: M-Pesa ilianza 2007, Ushahidi 2008, Twiga Foods 2014. Hapa Uganda, Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Hata hivyo nisimdanganye msomaji: mabango ya Kampala bado ni Kiingereza na Kiganda, na mwenye biashara wa Ntinda hatalipa dola 1,000 kwa neno la Kiswahili mwaka huu. Mnunuzi wako yuko Nairobi au Dar, au ni kampuni changa ya nje inayotafuta jina fupi lenye sauti ya Afrika. Nunua ukimlenga huyo.

Majina ya neno moja lenye maana nzuri, kama amani, imara na zawadi, yalichukuliwa zamani. Ukiyakuta yanauzwa, bei zake zinahitaji mtaji wa aina nyingine. Nafasi iliyobaki ni kwenye vitenzi vya kuamrisha vilivyoungwa na nomino, na kwenye maneno mawili ya fani: kilimo, mazao, mifugo, mizigo, nyumba, ajira, afya. Kampuni changa hupenda kitenzi kwa sababu kinamwambia mteja afanye nini. Chagua yale ambayo hata asiyejua Kiswahili anaweza kuyatamka akiyaona kwa mara ya kwanza. Epuka mwanzo wa ng’, mb au nd kama mnunuzi wako ni wa nje; kwa mnunuzi wa Tanzania si tatizo.

Kuna jambo la kwetu ambalo muuzaji wa Nairobi anaweza asilione. Maandishi ya Kiganda huweka r baada ya i na e, na l kwingineko: omulimu, lakini emirimu. Aliyezoea kuandika hivyo akisikia “kilimo” anaweza kuandika “kirimo”, na akisikia “biashara” akaandika “biashala”. Kama unalenga wanunuzi ambao wateja wao ni watu wa Masaka au Mukono, jina lisilo na r wala l lina faida kubwa. Na kama jina lina moja ya herufi hizo na liko wazi kwa tahajia zote mbili, hesabu gharama ya kuyashika yote mawili kabla hujasema ni rahisi.

Gharama: sawa na .com yoyote.

Sheria: usidhani kwamba neno la Kiswahili ni la wote kila mahali. Jenga ni alama ya biashara ya mchezo wa vipande vya mbao, na Safari ni jina la kivinjari cha Apple tangu 2003. Disney walisajili “Hakuna Matata” Marekani kwa ajili ya fulana mwaka 2003, na 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki walilalamika kwa sauti kubwa bila kuiondoa. Neno “lipa” nalo limeshikwa kwa njia nyingi na huduma za malipo. Neno la kawaida linabaki la kawaida ukilitumia kwa maana yake: nyumba kwa nyumba, mbegu kwa mbegu. Tatizo linaanza ukilisogeza kuelekea bidhaa ya mtu.

Kuuza: polepole. Vikokotoo vya bei vya masoko havijui Kiswahili. Vinaweza kukwambia “mazao” ina thamani ya chakula cha mchana. Usiviamini kwa kushuka wala kwa kupanda. Upande mzuri ni kwamba programu za washindani wako nazo hazijui Kiswahili, kwa hiyo neno zuri linapoachwa na mwenyewe, wanaoliwania ni wachache. Kumtafuta mnunuzi moja kwa moja kunawezekana, lakini kwa uangalifu: kumwandikia mwenye alama ya biashara ukimtaka anunue jina linalofanana na alama yake ni ushahidi wa nia mbaya utakaowekwa mezani na wakili wake. Waandikie tu wale ambao jina lako ni neno la kawaida la fani yao, na barua iwe fupi isiyo na vitisho.

Linamfaa mwenye Kiswahili kizuri, anayefuatilia biashara changa za Nairobi, Dar na Kigali, na ambaye majina kumi yaliyochaguliwa vizuri yanamtosha.

.ug na .co.ug

Mnunuzi: yuko hapa, unaweza kumfikia kwa boda. Zahanati ya Wakiso, wakala wa nyumba wa Kira, mtengeneza matofali wa Kajjansi, kampuni ya mizigo ya Busia. Kiishio .ug kimekuwepo tangu 1995, na chini yake kuna .co.ug na .com.ug za biashara, .or.ug za mashirika, .ac.ug za vyuo, .sc.ug za shule na .go.ug za serikali. Kwa mwekezaji zinazohusika ni .co.ug na .ug yenyewe bila kitu katikati. Jina fupi la .ug linapendeza, kwa sababu Waganda wenyewe huiita nchi yao UG. Wafanyabiashara wakubwa kiumri wanaizoea zaidi .co.ug.

Kikwazo ni tabia ya soko. Biashara nyingi ndogo zinaendeshwa kwa WhatsApp na TikTok, na mwenye biashara haoni kwa nini alipie jina. Facebook ilipofungwa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, wengi walibaki wakiingia kwa VPN huku kurasa zao zikikosa wateja wa kawaida. Tangu hapo hoja ya kuwa na tovuti yako mwenyewe imekuwa rahisi kueleweka. Hiyo ndiyo hoja ya kuuzia, na ni ya haki.

Gharama: kwa wauzaji wengi .ug ni ghali kwa mwaka kuliko .com, na .co.ug iko chini ya .ug. Uliza bei ya kulipia tena, siyo ya kusajili. Kwa sababu hiyo kushika majina mengi ya .ug ukisubiri ni kosa la hesabu. Matano tayari ni mzigo.

Sheria: mwenye alama yuko mji mmoja nawe. Hahitaji Geneva, anaweza kukufuata kwa wakili wa Kampala Road. Pekua URSB, majina ya biashara na alama za biashara pia.

Kuuza: masoko ya kimataifa hayasaidii sana, na mauzo ya .ug yanayotangazwa ni machache mno hata huwezi kupata bei ya kulinganisha. Utauza kwa kuongea na watu. Faida ni kwamba malipo yanaweza kuja kwa MoMo, Airtel Money au benki siku hiyohiyo, na jina linauzika vizuri zaidi likiambatana na tovuti ndogo iliyo tayari. Kwa maoni yangu .co.ug tupu ni uwekezaji dhaifu, lakini .co.ug yenye kurasa nne, namba ya simu na picha za kazi ni bidhaa.

Linamfaa anayetengeneza tovuti, au mwenye duka la uchapaji Nasser Road ambaye tayari anakutana na wenye biashara wanaoanza. Halimfai anayetaka kununua na kukaa kimya.

.africa, .ai, .xyz na wenzake

Mnunuzi: anategemea kiishio. .africa ilifunguliwa kwa wote Julai 2017 na inafaa mashirika yanayofanya kazi nchi nyingi. .ai ni ya kisiwa cha Anguilla, na mwaka 2023 ilikiingizia takriban dola milioni 32 kwa sababu kampuni za akili bandia zinaipenda. Wanunuzi wa .ai wana fedha kweli. .xyz ilipata heshima 2015 Alphabet, kampuni mama ya Google, ilipochukua abc.xyz, lakini wanunuzi wa majina ya kawaida ya .xyz ni wachache.

Gharama: hapa ndipo penye mtego. Viishio vipya vingi huuzwa dola mbili au tatu mwaka wa kwanza, kisha bei inaruka mara kadhaa. Wasimamizi wake hawana kikomo cha bei kama cha .com, na baadhi ya majina mazuri wameyaweka kwenye daraja la juu ambalo ada yake kubwa hulipwa kila mwaka. .ai mwaka 2025 ilikuwa ikianzia kama dola 140 kwa miaka miwili, na lazima ulipie miaka yote miwili kwa mpigo. Majina kumi ya .ai ni zaidi ya shilingi milioni tano kabla hujapata simu moja.

Sheria: mambo ya alama ni yaleyale. Lakini viishio vya nchi vina hatari ya ziada. Zaire ilipogeuka kuwa Kongo mwaka 1997, kiishio chake .zr kilifutwa 2001 na nafasi ikachukuliwa na .cd. Leo wenye .io wanafuatilia kwa makini mkataba wa Mei 2025 wa Uingereza na Mauritius kuhusu visiwa vya Chagos, kwa kuwa kiishio hicho ni cha eneo hilo. Na Gabon ilipochukua tena .ga mwaka 2023, majina zaidi ya milioni saba yaliyokuwa yakitolewa bure yalifutwa. Jina la bure haliwi mali yako.

Kuuza: .ai ina soko hai kwenye mabanda yaleyale ya .com. Nyingine zinasubiri sana.

Linamfaa mwenye mtaji wa ziada anayeweza kupoteza ada ya miaka miwili bila kuguswa, na anayeijua lugha ya teknolojia kwa kina.

Kuhusu majina yaliyoachwa

Katika njia zote nne, si lazima jina liwe jipya kabisa. .com ambayo mwenyewe hakuilipia hupitia hatua: msajili anaweza kuishikilia hadi siku 45 baada ya muda kwisha, kisha siku 30 za kukombolewa kwa ada kubwa, kisha siku tano za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo ni ya atakayewahi, au inapita mnadani. Jina la zamani linaweza kuwa na sifa nzuri, viungo kutoka magazeti na wateja waliolizoea. Linaweza pia kuwa lilitumiwa kwa kamari au utapeli, na barua pepe zake zikawa zinaishia kwenye taka. Fungua Wayback Machine utazame kurasa zake za miaka iliyopita kabla ya kutoa hata shilingi. Na kama mwenyewe wa zamani bado anafanya biashara kwa jina hilo Jinja au Gulu, amesahau tu kulipa, mpigie simu umkumbushe. Kumkamua mtu huyo ni jambo ambalo mwamuzi wa UDRP hulisoma kama nia mbaya, na mji wetu si mkubwa kiasi cha kusahau.

Achague nini, na lini

Kama una shilingi 500,000 na hujawahi kuuza jina hata moja, nunua matatu hadi matano ya .com, ya Kiswahili au ya fani yako ya Kiingereza, na weka fedha iliyobaki kwa ajili ya kuyalipia mwaka wa pili na wa tatu. Kuishiwa ada mwezi mmoja kabla ya mnunuzi kupiga simu ni hasara ambayo haina haja ya kutokea.

Kama kazi yako ni kutengeneza tovuti na unahitaji fedha ndani ya miezi michache, nenda .co.ug, jina moja kwa wakati, kwa fani ambayo tayari umezungumza na wenye biashara watatu.

Kama umefanya kazi kwenye utalii au usafirishaji wa kahawa nje na unajua maneno wanayotumia wanunuzi wa Ulaya, .com ya Kiingereza inakulipa ujuzi huo. Weka bei mapema, kuanzia pale ambapo hesabu ya majina yako yote inafunika ada za miaka mitano, na usiiandike kwa hasira baada ya mwaka mmoja wa kimya.

Kama mtaji ni milioni kadhaa na hauhitajiki kwa karo wala kodi ya nyumba, jina moja la Kiswahili la .com lililonunuliwa kwa mmiliki wa sasa linaweza kuwa bora kuliko hamsini ya kusajili mapya. .ai moja iliyochaguliwa vizuri nayo inaingia kwenye kundi hilo, mradi uandike leo tarehe utakayoiacha isipouzika.

Na kama tayari una majina yanayokaribia muda wake, yapitishe upya kwenye kipimo cha mnunuzi, moja moja, mwezi mzima kabla ya siku ya kulipa. Lile ambalo bado huwezi kuliandikia biashara kumi, liache liende, na ada yake ipeleke kwa lile unaloweza.